Udongo wa Juu ya Paa

Mwaka 1914 mji wa Zürich, Uswisi, ulijenga mtambo wa kuchuja maji ya ziwa katika eneo la Wollishofen. Maji yaliyochujwa yalipaswa kubaki baridi, lakini juu yake kulikuwa na mapaa bapa ya zege yaliyochomwa na jua la kiangazi. Mafundi wakatandaza changarawe na mchanga, kisha wakafunika kwa udongo uliochotwa kwenye malisho ya jirani, kina cha sentimita 15 hadi 20. Hawakuwa na nia ya kupanda bustani. Mbegu zilikuja na udongo wenyewe, zikaota. Leo mapaa hayo, yanayojulikana kwa jina la Moos, yana aina 175 hivi za mimea, 9 kati ya hizo zikiwa okidi, na baadhi ni adimu sasa katika mashamba yaliyo chini.

Miji mingi imeanza kupanda mimea juu ya majengo, na mijadala yake hutawaliwa na picha za majani. Mimi naona swali la kwanza linapaswa kuwa: chini ya majani hayo kuna udongo gani, na una kina gani?

Tuchukue joto. Chicago ilipoteza zaidi ya watu 700 katika joto kali la Julai 1995. Wakati wa Meya Richard M. Daley, mji ukaweka bustani juu ya paa la makao yake makuu, kazi iliyokamilika 2001. Jengo hilo lina pande mbili, upande wa jiji na upande wa kaunti ya Cook, na upande wa kaunti ulibaki na lami nyeusi. Vipimo vya mchana mmoja wa Agosti 2001 vilionyesha lami ikipita nyuzi 70 za Selsiasi, na upande wenye mimea ukiwa chini yake kwa zaidi ya nyuzi 20.

Kivuli cha majani kinachangia, ila kazi kubwa hufanywa na maji. Lita moja inapogeuka mvuke hubeba joto linalozidi nusu yuniti ya umeme. Joto hilo lisipochukuliwa na mvuke huzama ndani ya zege, na usiku zege hulirudisha vyumbani na mitaani. Kwa hiyo paa lililokauka hupooza kidogo tu, hata likiwa bado la kijani. Hapa ndipo penye tatizo la sedumu, mimea mifupi yenye majani manene inayopendwa sana na wajenzi kwa sababu huvumilia udongo mwembamba na ukame. Huvumilia kwa ubahili: maji yakipungua, hufunga vinyweleo vyake mchana na kufungua usiku. Inaokoa uhai wake, na mji unakosa ubaridi saa ile unapouhitaji zaidi.

Kwa mvua, hesabu ni nyepesi. Milimita 10 za mvua ni lita 10 kwa kila mita ya mraba. Udongo hushika sehemu ya maji hayo, na yanayobaki huyaachia polepole, hivyo mitaro haipokei yote kwa mkupuo. Mvua ikinyesha siku ya pili mfululizo, udongo ulioshiba hauna nafasi tena, na anayeahidi kwamba mapaa peke yake yatamaliza mafuriko anadanganya watu. Vilevile, paa lililojazwa mboji na mbolea huvuja fosforasi inayochafua mito.

Mji uliochukulia suala la udongo kwa uzito kuliko mingine ninayoijua ni Basel, pia Uswisi. Tangu 2002 sheria yake inataka mapaa bapa ya majengo mapya yapandwe mimea. Mwanaikolojia Stephan Brenneisen alichunguza buibui na mbawakawa wa mapaa hayo, akakuta kwamba udongo wa asili wa eneo lile, uliomwagwa kwa kina tofautitofauti, huhifadhi viumbe wengi kuliko tabaka jembamba lililosawazishwa. Wadudu wanahitaji mahali pa kujificha ukame na baridi. Mwongozo wa mji ukafuata: udongo wa eneo hilohilo, kina kisichopungua sentimita 10, na vilima vya sentimita 30 hapa na pale.

Gharama ya yote haya ni uzito. Udongo wa sentimita 10 ukilowa huzidi kilo 100 kwa mita ya mraba, mzigo ambao paa la bati halibebi, na slabu iliyokwisha kujengwa haifai kupandishiwa udongo kabla mhandisi hajaikagua. Wataalamu wa Basel hushauri vilima viwekwe juu ya nguzo za jengo, penye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba. Ndiyo maana makazi ya mbawakawa hupangwa pamoja na nguzo, kwenye mchoro, kabla zege halijamwagwa.