Saadani: Nyika Inapokutana na Bahari
Wengi wetu wa mwambao tumemwona tembo katika runinga tu, ilhali Saadani iko kaskazini ya Bagamoyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, nayo imepakana na Bahari ya Hindi. Asubuhi familia huwatazama twiga na kongoni nyikani; jioni hupanda mashua katika Mto Wami, penye viboko na mamba. La kukumbukwa zaidi ni ufuo wa Madete, ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani. Hapo mtoto hujifunza kuzima taa na kunyamaza, kwani mwanga na kelele humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Viumbe hawa ni amana; tusiyaguse mayai yao, ili wajukuu wetu nao wawaone.