Ruzuku ya Nishati: Nani Hulipa, na Hulipia Nini?

Mwananchi anunuapo umeme wa LUKU hupewa stakabadhi yenye mistari michache ya hesabu ambayo wengi hawaisomi. Mmojawapo huonyesha asilimia 3 inayokatwa kwa ajili ya nishati vijijini. Fedha hizo, pamoja na tozo ya mafuta ya petroli, fungu la Serikali na misaada ya nje, huingia katika Mfuko wa Nishati Vijijini ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2005 na kusimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Kwa hiyo ruzuku si sadaka. Sehemu yake imetoka mfukoni mwa msomaji mwenyewe. Ndiyo maana mwanakijiji aliye karibu na nguzo huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 tu, ingawa gharama halisi huzidi hapo kwa mbali.

Yafaa kujua pia kwamba ruzuku nyingi hazitolewi kabla ya kazi. Katika mradi wa TEDAP, ulioanza mwaka 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia, wajenzi wa mitambo midogo ya umeme walilipwa dola 500 kwa kila mteja mpya aliyeunganishwa. Utaratibu huo huzuia fedha kupotea katika miradi isiyokamilika. Lakini humtaka mwombaji awe na mtaji wa kuanzia, na hapo ndipo shule na vikundi vidogo hukwama.

Sasa tuchukue mfano wa shule ya sekondari katika kata ya Chiungutwa, wilayani Masasi, inayopikia wanafunzi mamia kadhaa. Serikali iliagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wakala nao umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu ya bei. Je, mitungi hiyo yaitosha shule yetu?

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya kuni kavu ina nishati ya megajuli 15 hivi. Katika mafiga matatu, asilimia 15 tu au pungufu huingia chunguni, yaani megajuli 2.25, nyingine hupasha hewa joto na kumwumiza mpishi macho. Kilo 1 ya gesi ina megajuli 46, na takriban nusu yake huingia chunguni: megajuli 23. Basi kilo 1 ya gesi ni sawa na kilo 10 za kuni.

Tuseme shule huchoma kilo 100 za kuni kwa siku. Itahitaji kilo 10 za gesi. Mtungi wa kilo 6 hautafika jioni. Kwa siku 20 za masomo ni kilo 200 kila mwezi. Ruzuku ya mtungi hupunguza gharama ya kuanza, lakini kuujaza tena ni juu ya mtumiaji. Kuni, kwa upande wake, huonekana za bure kwa sababu huletwa kichwani na mwanafunzi, na saa zake hazimo katika daftari la mhasibu. Kwa maoni yangu, saa hizo ndizo gharama kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla ya kuandika ombi kwa halmashauri au kwa Wakala, wape wanafunzi mizani. Wapime kuni za wiki mbili, waandike idadi ya walaji na aina ya chakula (maharage hula moto kuliko ugali), kisha wazigeuze kilo hizo kuwa megajuli, na megajuli kuwa gesi au uniti za umeme. Uniti 1 ni megajuli 3.6. Bei ya mwezi mzima ikishapatikana, ombi litaje mambo mawili mbalimbali: fedha za majiko na mitungi, na fungu litakalolipa nishati yenyewe mwaka wa pili na wa tatu.