Je, Wajua? Kikapu cha Nyasi Kinaweza Kushika Pombe

Kikapu cha nyasi, pombe ndani, na hakivuji! Wasukuma, wenyeji wa Kolandoto na sehemu nyingine za Shinyanga, Tanzania, walisuka vikapu vya aina hiyo. Msusi hukaza mzunguko juu ya mzunguko. Nyasi zikilowa huvimba, matundu yakaziba. Ufundi wote uko kwenye kukaza, na mkono uliozoea hauhitaji kipimo.

Watemi, yaani machifu, wa Usukuma na Unyamwezi walivaa kibangwa, duara jeupe lililokatwa kwenye kombe la konokono wa Bahari ya Hindi. Kombe hilo lilifika bara kwa miguu ya wapagazi, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, yana jumba lenye umbo la kiti cha mtemi. Ndani zimo ngoma za watemi. Padre David Clement kutoka Kanada ndiye aliyeanzisha makumbusho hayo. Nenda mwezi Juni, msimu wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu wakishindana kucheza.

Ufundi hauishii kwenye nyasi. Na tairi chakavu la gari? Kisu kikali, misumari michache, tayari ni makatambuga, viatu vya tairi. Mwiba wa mgunga haupenyi kirahisi.