Sarafu za mchezoni: niliyomweleza mpwa wangu wa Pumwani

Mpwa wangu alinipigia simu usiku saa nne, sauti imemkauka. "Shikamoo mjomba. Nimeibiwa." Nikadhani ni Gikomba, simu imekwenda. Kumbe simu anayo mkononi. Zilizokwenda ni sarafu milioni 3 za mchezo wa RuneScape, alizozichuma tangu likizo ya Aprili. Mchezaji mmoja alimwambia ampe sarafu amrudishie mara mbili. Akampa laki moja, akarudishiwa laki mbili. Basi akampa zote.

Ni pata potea ile ile ya barabarani: kwanza unaachiwa ushinde.

Wengine mtacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu zamani nikikaa kwa shangazi pale Majengo ya Pumwani, nilicheza mchezo huo huo katika saiba ya Eastleigh, shilingi moja kwa dakika. Nauli yangu ya kurudi Mombasa iliishia humo.

Kwa asiyeujua: RuneScape ilitolewa 2001 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ni nchi ya kubuni yenye majoka, wachawi na mashujaa, na maelfu ya watu huingia humo kwa pamoja kupitia intaneti. Toleo liitwalo Old School lilianza 2013, na tangu 2018 linachezwa kwenye simu. Ndiyo maana siku hizi kijana hahitaji saiba, bando linamtosha.

Humo kila kitu kina bei. Anayeanza hudhani atatajirika kwa kupigana. Atapiga vijizimwi siku nzima apate sarafu za kuhesabu kwa vidole. Mimi humwambia aende kwa ng'ombe, karibu na mji wa Lumbridge. Ng'ombe hana sarafu hata moja, ila ana ngozi, na kuna wachezaji wanaozitaka ngozi ili washone mavazi wapande ngazi ya ufundi, wala hawana subira ya kuzitafuta. Begi lako lina nafasi 28 tu. Likijaa, unatembea hadi benki, unaweka, unarudi. Kazi ya kuchosha, nakiri.

Ngozi hizo usiziuze katika duka la mchezo. Duka hulipa kidogo, na kila ukiongeza mzigo bei inashuka. Zipeleke Grand Exchange, soko lililo mji wa Varrock. Nikilifikiria huiona Kongowea asubuhi, ila hapa hakuna kelele: unaandika unauza nini na kwa bei gani, soko linakutafutia mnunuzi. Akiwapo aliyetaja bei ya juu kuliko yako, unalipwa ile yake. Asiyelipia uanachama ana nafasi 3 tu za biashara kwa wakati mmoja. Bidhaa nyingi zina kikomo cha kununua kila saa nne, ili tajiri mmoja asizoe soko zima. Tangu Desemba 2021 muuzaji hukatwa pia kodi ndogo, nayo husaidia kupunguza sarafu zilizojaa mchezoni. Maana kila adui anayeangusha sarafu ameleta sarafu mpya, na zisipopungua, bei zitapanda tu.

Ukifika ngazi ya 55 ya uchawi, unaweza kugeuza kitu kuwa sarafu na kulipwa asilimia 60 ya thamani yake iliyowekwa na mchezo. Wengi hununua bidhaa sokoni kwa bei ya chini kisha huzigeuza. Hapo niliumia mwenyewe. Wiki nzima nilijiona nafaidi, nimesahau kwamba kila nikigeuza kitu natumia na jiwe la uchawi ambalo nalo nililinunua. Nilipopiga hesabu, kila kitu kilikuwa kimenitia hasara. Na zile dakika za saiba sikuziweka hata katika hesabu.

Kuhusu kuzitunza: mtaji wote usiuweke katika bidhaa moja, kwani badiliko dogo la mchezo likitangazwa huweza kuishusha bei mara moja. Na usiingie nyika ya Wilderness na mali usiyo tayari kuikosa, kwani huko wachezaji huuana na kuporana.

Nilipomaliza ndipo mpwa wangu akaniambia alichokuwa akikificha. Alikuwa amepata mtu wa kununua zile milioni 3 kwa shilingi, ambaye angetuma kwa M-Pesa, naye ampe mamake za kodi ya nyumba. Alitaka tu ziwe 6 kwanza.

Nilinyamaza kidogo. Mamake ni dada yangu, na habari za kodi hiyo sikuwa nazo.

Kuuza sarafu nje ya mchezo kumekatazwa, na akaunti hufungwa. Januari 2008 Jagex ilibana kupeana mali ovyo kwa sababu ya biashara hiyo, ikaruhusu tena Februari 2011 baada ya wachezaji kupiga kura. Watu hawakuacha. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, wako waliowinda majoka ya kijani ili wauze sarafu wapate chakula. Siwezi kuwahukumu. Ila njia iliyoruhusiwa ni ya upande mmoja: mwenye pesa hununua hati iitwayo bondi, akaiuza mchezoni kwa sarafu, na aliyeinunua akapata siku 14 za uanachama. Shilingi huingia, hazitoki.

Nilimkumbusha Bangla-Pesa ya kwetu Mombasa, 2013. Noti zile zilinunua mboga kwa jirani pale Bangladesh, kwa kuwa jirani alikubali kuzipokea. Walioziendesha walikamatwa, baadaye mashtaka yakafutwa. Nje ya mtaa zilikuwa karatasi. Na huyo mnunuzi wake, nikamuuliza, nani angetangulia kutoa?

"Mimi, mjomba."

Kodi nilimtumia dada usiku ule ule. Jana kijana kaniletea picha: begi limejaa ngozi 28, anauliza auze leo au angoje.