Kausha Uyoga kwa Hewa, Usiuchome kwa Moto

Wewe unayelima uyoga hapa Naro Moru waijua taabu hii: mifuko ya majani ya ngano huzaa kwa pamoja, soko hujaa, na uyoga usiopata mnunuzi huanza kulegea na kunuka. Uyoga mbichi hukaa siku chache tu, kwa kuwa karibu sehemu 90 katika mia ya uzito wake ni maji. Ukikaushwa vizuri hukaa miezi mingi. Lakini njia za kukausha si sawa.

Kwanza, kuanika juani. Njia hii haina gharama, tena jua huongeza vitamini D katika uyoga. Hata hivyo, sisi tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kenya. Asubuhi jua huwaka, alasiri mawingu hushuka, usiku huja baridi na umande. Uyoga mkavu hunywa unyevu kama chumvi. Ukilala nje usiku mmoja tu, kazi ya mchana imepotea. Vumbi na nzi nao huushusha bei.

Pili, kukausha juu ya moto. Moshi wa kuni huutia uyoga weusi na ladha ya masizi. Joto likizidi sana nyuzi 60, ngozi ya nje hukauka na kuwa ngumu, lakini ndani maji hubaki. Uyoga wa namna hiyo huonekana mkavu, kisha huota ukungu ndani ya kopo. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, sanduku la jua, nayo ndiyo njia ifaayo hapa kwetu. Tengeneza sanduku la mbao, paka rangi nyeusi ndani, na funika juu kwa nailoni inayopitisha mwanga. Toboa matundu chini upande wa mbele na juu upande wa nyuma, uyazibe kwa wavu wa mbu. Hewa baridi huingia chini, hupata joto, na hutoka juu ikichukua maji ya uyoga. Usiyazibe matundu ukidhani unaongeza joto. Hewa isipopita, uyoga hupikika badala ya kukauka.

Fanya hivi:

1. Vuna uyoga mchanga, usiuoshe. Futa uchafu kwa kitambaa kisafi.
2. Kata au chana vipande vya unene wa nusu sentimita, vyote sawa.
3. Uanike kwanza juani saa moja wakati wa adhuhuri, upande wa chini wenye mikunjo kama kurasa za kitabu ukielekea juu. Hapo utapata vitamini D.
4. Panga vipande kwenye wavu ndani ya sanduku, visilaliane. Vigeuze mara kwa mara.
5. Jioni ingiza wavu nyumbani mahali pakavu.

Uyoga uliokauka sawasawa huvunjika kama kijiti. Ukipinda tu, urudishe. Uache upoe, kisha utie katika kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na mwanga.

Kumbuka hesabu: kilo 10 mbichi hutoa karibu kilo 1 mkavu. Basi bei ya kilo hiyo moja yapasa kuzidi bei ya zile kumi, ama sivyo umejipunja mwenyewe.

Tena usikaushe uyoga wa msituni usioujua. Kukausha hakuondoi sumu, wala kupika hakuiondoi. Watu wamekufa kwa kudhani hivyo.

Mwisho, kabla ya kuuza, loweka vipande vichache katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Vikivimba, vikalainika na kunukia, kazi yako ni njema. Vikibaki vigumu kama ngozi ya kiatu, moto ulizidi. Mnunuzi atafanya jaribio hilo. Lifanye wewe kwanza.