Kubadili Mfumo Endeshi Bila Kubadili Kompyuta

Mkulima wa miwa wa Ruhembe, wilayani Kilosa, hatupi trekta lake kwa sababu dereva ameacha kazi. Hutafuta dereva mwingine. Kompyuta mpakato nayo ina mtambo wenyewe na mfumo endeshi, yaani programu inayouongoza mtambo huo. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na mfumo wa Windows, lakini mfumo huo waweza kuondolewa na mwingine ukawekwa mahali pake.

Kwa shule jambo hili si dogo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali kompyuta nyingi za zamani. Mitambo hiyo ingali mizima. Kilichokwisha ni ulinzi wake. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, hupatikana bila malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Kazi hii hufanywa kwa utaratibu. Kwanza, nakala za kazi zote zihifadhiwe nje ya kompyuta. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuifungulia uandikwe pembeni. Pili, Linux ichukuliwe mahali penye intaneti nzuri, kisha iandikwe kwenye flashi kwa programu maalumu. Kuinakili tu hakutoshi. Tatu, kompyuta iwashwe kwa flashi hiyo, kwa kubonyeza kitufe kama F12 au Esc kufuatana na aina yake. Aina nyingi za Linux hujaribiwa hivyo kabla diski haijaguswa: sauti, picha na mtandao vikaguliwe. Mwisho, mtumiaji achague kuiweka Linux kando ya Windows au kufuta diski yote. Betri iwe imejaa, kwani umeme ukikatika diski inapogawanywa, kazi zaweza kupotea.

Programu za Windows kwa kawaida haziendeshwi moja kwa moja na Linux. Badala yake hutumika nyingine, kama LibreOffice. Dereva mpya ana desturi zake, lakini shamba hulimwa.