Je, Wajua? Kilomita 95 za Angani Zinaweza Kukupitisha Kigali

Kutoka uwanja wa ndege wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, hadi Kamembe huko Rusizi, mstari ulionyooka juu ya Ziwa Kivu ni takribani kilomita 95. Ukigawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 800 kwa saa, unapata dakika 7. Hesabu ni sahihi, lakini haimfai msafiri wa Kanzenze, mojawapo ya sekta za Rubavu. Viwanja vyote viwili viko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Tena kwa umbali mfupi hivyo, haijafikia mwendo wake kamili inaanza kushuka. Ndege ndogo ingechukua karibu nusu saa.

Mtu atasema nusu saa bado ni neema, kwani barabara ya kandokando ya ziwa kupitia Karongi hupinda milimani kwa zaidi ya kilomita 200. Ni kweli, ila nusu saa hiyo haina thamani pasipo ratiba. Safari za shirika la ndege la RwandAir kwenda Kamembe zimekuwa zikianzia Kigali. Hivyo mtu wa Kanzenze anayeelekea kusini-magharibi hulazimika kwanza kwenda mashariki, zaidi ya kilomita 100 za lami. Uwanja wa Goma, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko kilomita chache tu kutoka Gisenyi, lakini mpaka wa nchi umepita katikati, na Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia ya uwanja huo.